Kesi ya madai ina saa yake: ukomo wa muda unaanza lini, na nani anaweza kuusimamisha

Watu wengi wakisikia kesi fulani "imetupwa" wanadhani mdai ameshindwa kwa ushahidi: mkataba wake ulikuwa na walakini, mashahidi wake walijikanyaga, au upande wa pili ulikuwa na wakili mkali zaidi. Mara nyingi si hivyo. Hakimu hakufika hata kwenye ushahidi. Alisoma hati ya madai, akatazama tarehe, akasikiliza pingamizi la awali, yaani hoja ya mdaiwa ya kutaka shauri likataliwe kabla halijasikilizwa, na shauri likaishia hapo. Mdaiwa anatoka mahakamani bila kujibu swali hata moja kuhusu pesa zenyewe.

Huo ndio ukomo wa muda. Ni kipindi ambacho sheria imempa mtu kufungua kesi ya madai, na kikishapita, mahakama haina ruhusa ya kumsikiliza, hata kama ana haki tupu. Kesi ya madai ni ile inayohusu deni, mkataba, ardhi, nyumba, fidia ya ajali au jina lililochafuliwa; mshindi hulipwa au hurudishiwa kilicho chake, na hakuna anayekwenda jela kwa kushindwa kesi tu. Jinai ni habari nyingine kabisa. Sheria tunayoizungumzia hapa haigusi mashtaka ya jinai, ndiyo maana mtu anaweza kushtakiwa leo kwa mauaji ya miaka ishirini iliyopita. Nadhani mkanganyiko mwingi unaanzia hapo: watu wanaona jinai haiozi, wanahitimisha kwamba na deni haliyeyuki mahakamani. Linayeyuka.

Kwa Tanzania Bara kanuni hizi zimo ndani ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Zanzibar ina sheria yake, kwa hiyo tarakimu zitakazotajwa hapa ni za Bara. Sababu ya kuwa na sheria kama hiyo ni nyepesi kueleweka ukijiweka upande wa anayeshtakiwa. Shahidi wako amefariki, risiti imeliwa na mchwa, kampuni uliyofanya nayo kazi ilishafungwa, halafu mtu anaibuka na dai la zamani. Utajiteteaje?

Miaka mingapi?

Hakuna jibu moja, na hapa ndipo ushauri wa mtaani unapowaponza watu, kwa sababu kila mmoja anataja namba aliyoisikia kwenye kesi ya jirani. Muda unategemea aina ya dai. Kesi inayotokana na mkataba, mkopo wa maandishi ukiwemo, ina miaka 6. Malimbikizo ya kodi ya nyumba nayo ni miaka 6. Ukigongwa na gari, ukikashifiwa, ukiharibiwa mali kwa uzembe, yaani madhara yasiyotokana na mkataba, una miaka 3 tu. Kudai ardhi ni miaka 12. Dai ambalo halikutajwa popote kwenye jedwali la sheria hupewa miaka 6. Serikali yenyewe ikiwa ndiyo inayodai, imejipa miaka 60. Mtu anaweza kuguna, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Kuna kipindi kifupi ambacho watu wachache wanakijua: mwaka 1. Kinahusu fidia kwa jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, kwa madai kwamba sheria fulani iliruhusu au kuagiza lifanyike. Mfano ni ofisa anayekamata bidhaa zako au kubomoa kibanda chako akisema anatekeleza sheria. Ukitaka fidia kwa kitendo hicho, usihesabu miaka mitatu kwa kuwa tu umesikia kwamba uharibifu wa mali ni miaka mitatu.

Saa inaanza lini

Inaanza siku haki ya kudai inapozaliwa, yaani siku upande wa pili unapokosea. Siku uliyochoka kusubiri haimo kwenye hesabu, wala siku uliyopata pesa ya wakili.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 5. Mkataba umeandikwa Machi 2018, na unasema pesa zirudishwe ifikapo tarehe 30 Juni 2018. Mwezi Machi huna kesi, kwa sababu mkopaji bado yuko ndani ya muda wake. Juni ikiisha bila malipo, mkataba umevunjwa, na saa imeanza. Miaka sita baadaye, mwanzoni mwa Julai 2024, mlango unafungwa. Wapo watakaosema, "Lakini mimi barua ya mwisho ya kumdai nilimwandikia 2022, kwa hiyo nina mpaka 2028." Hapana. Barua ya mdai haianzishi hesabu upya, hata ikiwa na mhuri wa wakili na maneno makali ya siku saba. Wewe ndiye uliyeiandika, na sheria haimruhusu mtu kujiongezea muda mwenyewe.

Kwenye ajali saa huanza siku ya ajali. Kwa gazeti lililokukashifu, siku lilipochapishwa. Pale ambapo kosa linaendelea kila siku, tuseme jirani ameelekeza maji machafu kwenye kiwanja chako na yanatiririka mpaka leo, sheria inatambua kwamba haki ya kudai inazaliwa upya kadiri kosa linavyoendelea.

"Tulikuwa bado tunazungumza"

Kama kuna imani moja ambayo imewanyima watu haki zao kuliko zote, kwa maoni yangu ni hii. Sisi ni watu wa kuyamaliza nje. Mtu anayekimbilia mahakamani kabla ya kuita wazee anaonekana mkorofi, na mdaiwa mjanja anajua hivyo. Anapokea simu kila mara, anaitikia "shikamoo mzee" kwa adabu zote, anaahidi mwisho wa mwezi, anaomba kikao, kikao kinaahirishwa kwa sababu ya msiba, kinapangwa kingine. Mwaka wa sita ukigonga, anatafuta wakili na kuwasilisha pingamizi la awali: shauri limefunguliwa nje ya muda.

Fikiria mechi ya mpira. Dakika tisini zinakwenda hata wachezaji wakisimama katikati ya uwanja kubishana au kupatana. Anayeongeza dakika ni mwamuzi peke yake, tena kwa sababu zilizomo kwenye kanuni za mchezo. Maelewano ya wachezaji hayasimamishi saa.

Mahakama ya Rufani imelisema hili bila kuzunguka. Katika rufaa namba 265 ya mwaka 2020, kampuni ya P & O International dhidi ya bodi ya wadhamini ya Hifadhi za Taifa, TANAPA, ilieleza kwamba mazungumzo ya kabla ya kesi hayajawahi kuwa sababu ya kusimamisha muda. Kama kampuni yenye mawakili imejikuta hapo, mkopeshaji mwenye daftari na kumbukumbu ya simu asijidanganye.

Kikao cha serikali ya mtaa ni mazungumzo. Malalamiko polisi nayo si kesi ya madai. Polisi anaweza kumwita mdaiwa, akaandikisha maelezo, mkaahidiana, na wakati huo wote saa inakwenda. Aliyegongwa na gari akawa anafuatilia kampuni ya bima, akaambiwa faili liko kwa meneja, kisha liko makao makuu, kisha linasubiri ripoti ya mkadiria hasara, ana miaka mitatu ileile. Zungumza, fuatilia, patana ikiwezekana. Ila weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda, na ikikaribia fungua kesi. Kuyamaliza kunawezekana hata shauri likiwa mahakamani, na mahakama zenyewe hupeleka mashauri kwenye usuluhishi.

Kinachorudisha saa mwanzo

Lipo jambo linaloweza kuanzisha hesabu upya, na liko mikononi mwa mdaiwa: kukiri deni, au kulipa sehemu yake. Mdaiwa akiandika na kutia saini kwamba anadaiwa, muda unahesabiwa kuanzia siku ya kukiri huko. Akilipa sehemu ya deni, unahesabiwa kuanzia siku ya malipo ya mwisho.

Rudi kwenye ile milioni 5. Tuseme Novemba 2021 mkopaji alituma laki mbili kwa simu, na ujumbe wa mtandao ukaonyesha jina lake, kiasi na tarehe. Hiyo laki mbili, ambayo mkopeshaji pengine aliiona kama dharau, imeisogeza saa mpaka Novemba 2027. Ndiyo maana nashangaa mtu anapofuta ujumbe wa malipo ili simu iwe na nafasi. Omba taarifa ya miamala, ichapishe, itunze pamoja na mkataba. Hakikisha pia inajulikana kwamba pesa ile ilikuwa ya deni lile, maana mdaiwa anaweza kugeuka na kusema alikuchangia harusi.

Vipi ahadi ya mdomo? Haitoshi, sheria inataka kukiri kuwe kwa maandishi na saini ya anayekiri. Vipi kuhusu ujumbe wa WhatsApp, "Nakumbuka deni lako kaka, vuta subira"? Mawakili wanaweza kubishania hapo siku nzima: je, kuna saini? namba ni ya nani? ni deni gani? Usiiachie kesi yako ikae juu ya ubishi huo wakati karatasi moja yenye mistari mitatu, tarehe na saini ingeumaliza. Na uipate muda ukiwa bado haujaisha.

Dakika ambazo hazihesabiwi

Sheria ina huruma kidogo, kwa watu na mazingira maalumu. Mtoto hahesabiwi muda mpaka afikishe miaka 18, na mtu mwenye ugonjwa wa akili hahesabiwi akiwa katika hali hiyo. Mdaiwa akiwa nje ya Jamhuri ya Muungano, muda aliokaa huko unatolewa kwenye hesabu. Ulichofichwa kwa udanganyifu huanza kuhesabiwa siku ulipougundua udanganyifu huo, au siku ambayo ungeugundua kama ungekuwa makini kiasi cha kawaida. Sehemu hiyo ya mwisho inasahaulika sana: aliyekaa na nyaraka za kughushi kabatini kwa miaka kumi bila kuzifungua atapata shida kusema amegundua jana.

Halafu kuna mahakama isiyo sahihi. Ukifungua shauri kwa nia njema na kulifuatilia kwa bidii, kisha ikaonekana mahakama hiyo haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza, siku ulizopoteza humo unaweza kuziondoa kwenye hesabu. Angalia maneno yenyewe: nia njema, bidii, na mahakama. Aliyefungua mahali pasipo sahihi, akaacha kuhudhuria, kesi ikafutwa kwa utoro wake, hana cha kuondoa.

Shamba la baba

Kwenye ardhi miaka 12 inaonekana mingi, na labda ndiyo sababu watu wanaichezea. Mfano ulio wa kawaida kuliko yote ni wa urithi. Baba anafariki mwaka 2005 akiwa analima shamba lake. Mdogo wake anaingia, analima, anapanda miti. Watoto wako mjini. Kila Krismasi au Idi wakirudi wanalalamika, baba mdogo anakasirika, mama anawaomba wanyamaze. Mwaka 2019 mmoja wao anateuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, anapewa fomu yake, na anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akiamini kwamba saa yake imeanza siku ya uteuzi.

Haikuanza siku hiyo. Kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa akiimiliki na kuikalia mpaka anafariki, haki ya kuidai inahesabiwa kuwa imezaliwa siku ya kifo. Na msimamizi wa mirathi anachukuliwa kana kwamba hapakuwa na pengo lolote kati ya kifo na uteuzi wake. Kwa familia hii miaka kumi na miwili iliisha 2017. Wakati wanajadiliana nani awe msimamizi, shamba lilikuwa linatoka mikononi mwao kisheria.

Lakini baba mdogo asishangilie haraka. Kama aliingia kwa ruhusa, akaachiwa shamba alitunze mpaka watoto wakue, basi yeye ni mwalikwa, na mwalikwa hageuki kuwa mmiliki kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kuikalia ardhi miaka mingi peke yake hakumpi mtu umiliki. Anayetaka kunufaika na miaka 12 lazima aonyeshe kwamba alikaa waziwazi, bila ruhusa, bila kukatizwa, na akiwa na nia ya kuimiliki ardhi hiyo kama yake. Kwa hiyo katika kesi nyingi za namna hii ugomvi wa kweli unakuwa ni kuhusu siku ya kwanza: aliingiaje? Majirani waliokuwepo siku hiyo wana thamani kuliko hotuba yoyote ya ukoo, na wanazeeka.

Kuna hatua moja ya kuzingatia kama umebakiza miezi michache. Mabaraza ya Kata siku hizi hayatoi hukumu ya ardhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Na Baraza la Wilaya halisikilizi mgogoro wa umiliki mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Anayekumbuka kesi wiki ya mwisho ya mwaka wa kumi na mbili anagongana na ukuta huo.

Kama umechelewa

Hapa kuna uvumi kwamba hakimu ukimwomba vizuri atakuongezea muda. Ni kweli nusu. Mahakama inaweza kuongeza muda wa kukata rufaa au kuleta maombi, kukiwa na sababu za kutosha. Haina uwezo huo kwa kufungua kesi mpya. Kwa kesi mpya sheria imempa mamlaka Waziri anayehusika na masuala ya sheria, ambaye baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa awali: kesi ya mkataba iongezewe isiyozidi miaka mitatu, ya fidia ya ajali isiyozidi mwaka mmoja na nusu. Ni njia nyembamba, na anayeipita lazima aeleze kwa nini haki inadai apewe.

Hata kwenye rufaa, "nilikuwa naumwa" haitoshi kama ulilazwa wiki mbili na ukachelewa miezi minane. Mahakama ya Rufani inataka kila siku ya kuchelewa ielezewe, hata ikiwa moja. Vigezo vinavyonukuliwa mno vimo katika maombi namba 2 ya mwaka 2010, Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, chama cha wanawake vijana wa Kikristo: eleza kipindi chote, kuchelewa kusipite kiasi, onyesha ulikuwa na bidii na si uzembe, na kama kuna jambo zito la kisheria, kwa mfano uharamu ndani ya uamuzi unaotaka kuupinga, litaje.

Na usitegemee kwamba mdaiwa asipoliona kosa la muda litapita. Sheria inaiagiza mahakama kulitupa shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hajasema neno. Likitupwa kwa ukomo huwezi kulifungua upya, tofauti na lile lililoondolewa kwa dosari ya karatasi. Katika hukumu moja ya Mahakama Kuu kwenye kesi ya mwaka 1998, ambayo mawakili wanaikariri kama sala, ukomo ulifananishwa na upanga usio na huruma.

Vipindi vifupi

Mfanyakazi aliyeachishwa kazi kwa madai kwamba ameonewa ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA; migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Wengi wanazimaliza siku hizo wakisubiri meneja arudi safari. Ukichelewa ipo fomu ya kuomba kuchelewa kwako kusamehewe, lakini nayo inataka sababu.

Anayetaka kuishtaki Serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Tangu mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa unaidai halmashauri ya wilaya yako unaweza kwenda moja kwa moja.

Kwa rufaa, kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kesi ya madai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ina siku 90 kwenda Mahakama Kuu, na siku za kusubiri nakala ya hukumu na ya tuzo (hati ya amri inayotokana na hukumu) hazihesabiwi, ilimradi uliomba nakala hizo. Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi hutolewa ndani ya siku 30, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 baada ya notisi. Na aliyeshinda asilale: hukumu yake ina miaka 12 ya kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa amri ya mahakama.

Unapohesabu, siku tukio lilipotokea huiweki. Unaanza na inayofuata. Siku ya mwisho ikiangukia wakati mahakama imefungwa, tuseme Jumapili, unaruhusiwa kufungua siku itakapofunguliwa. Kufungua maana yake hati imeingizwa kwenye mfumo na ada imelipwa. Aliyepakia hati yake jioni ya siku ya mwisho, akapata namba ya malipo na kulala bila kulipa, amejitengenezea ubishi ambao angeukwepa kwa kwenda kwa wakala wa simu usiku uleule.